Mpaka Malkia Aondoke

Kasikeu,
9 Juni 1963

Kwa mwanangu Mulei,

Salamu zangu zikufikie huko Nuu, wewe na wote ulio nao. Mimi ni mzima, ila huu mgongo unaonikumbusha Burma kila ninapoinama kufunga viatu. Dada yako Kasyoka ni mzima pamoja na watoto wake wanne. Wako nami hapa nyumbani tangu mumewe alipofariki. Kiangazi kimetuachia ng'ombe mmoja. Hofu ni kwako wewe.

Najua utashangaa kuona mwandiko huu. Habari zako nimepewa na Nzioka, yule dereva wa lori anayepeleka saruji Mwingi. Anasema unachonga mizinga ya nyuki, na kwamba barua zako hupitia dukani kwa Abdulatif. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika jeshini. Kikamba changu kiko mdomoni tu, na kiapo chako kimetuzuia kuonana.

Siku ya Madaraka nilikuwa nimeketi sokoni penye redio, nikaanza kuyakumbuka maneno yako moja baada ya jingine. Ilikuwa Aprili 1959, umetoka kambini wiki ile ile. Ulisimama nje ya lango langu mbele ya wazee watatu, umenipa mgongo, ukakipiga kithitu cha kiapo kwa kijiti mara saba. Ukasema: "Sitapita lango hili, sitakula chakula cha mzee huyu, wala sitamtazama usoni, mpaka Malkia wake aache kuitawala nchi hii." Nimeyapitia maneno hayo kama askari anavyokagua seng'enge, na nimeona tundu. Hukusema hatutaandikiana. Sijui ulisahau au uliacha nafasi kwa makusudi, lakini mimi nimepita hapo.

Watu wanasema Uhuru utakuja Desemba. Malkia akiondoka, kumbuka kuna lango hapa Kasikeu.

Mimi babako,
Ndululu


Nuu,
14 Julai 1963

Baba,

Barua imefika. Mimi ni mzima. Msalimie Kasyoka na watoto.

Sikuacha tundu. Nilikuwa na njaa na hasira, nikasahau.

Kabla hatujafika kwenye mambo ya lango, nijibu jambo moja. Mwaka wa 1954 nilikuja nyumbani kutoka Emali, likizo ya siku tatu kutoka kazi ya reli. Mama alinipikia isyo, mahindi na maharagwe kama nipendavyo. Nilikuwa sijafika nusu ya sahani ulipoingia ukasema twende kwa bwana DO, yule mzungu wa wilaya, ni maswali tu. Ukanishika mkono njia nzima kama mtoto anayepelekwa kliniki. Ulisema miezi mitatu. Nikakaa miaka mitano. Mama akafa mwaka wa tatu, na mpaka leo sijui mlimzika upande gani wa boma.

Basi nijibu.

Mwanao,
Mulei


Kasikeu,
4 Agosti 1963

Kwa mwanangu Mulei,

Natumai barua hii itakukuta na afya. Sisi tuko salama. Nimesoma yako mara nyingi, na Kasyoka ameisoma mara moja akaenda kuteka maji bila mtungi.

Mamako yuko karibu na ghala, upande wa barabara. Alichagua mwenyewe. Alisema anataka kulala mahali atakapoona anayeingia. Kila mwaka naweka mawe mapya pale udongo unapozama, na mnyonyo nimeukata usimzibe.

Kuhusu mkono. Mwaka wa 1940 niliweka mkono huu juu ya Biblia nikaapa kumtumikia Mfalme. Mfalme alipokufa walituita wazee wa jeshi wakatuambia kiapo hakifi, kimehamia kwa binti yake. Mimi nilikuwa askari wa chifu wakati ule, na jina lako lilikuwa kwenye karatasi: Mulei wa Ndululu, fundi wa reli, amekula kiapo cha Mau Mau. Wangekuja kukuchukua kwa virungu. Nikafikiri nikikupeleka mwenyewe hawatakupiga njiani. Mzungu aliniambia kwa kinywa chake kwamba utasafishwa miezi mitatu halafu urudi. Nikamwamini, kwa sababu mimi nilikuwa nimezoea kuamini mtu mwenye nyota mabegani.

Hilo ndilo jibu. Sio zuri, lakini ndilo nililo nalo.

Mimi babako,
Ndululu


Nuu,
20 Oktoba 1963

Baba,

Salamu. Huku tumepata mvua ya kwanza na nyuki wametulia. Natumai nanyi mmepata.

Nimelipokea jibu lako. Umeeleza kama mtu anayetoa ripoti, na ripoti imekamilika. Lakini kuna neno moja sijaliona humo, na wewe unalijua. Sitakufundisha.

Kuna jambo hujui. Nina mke, anaitwa Nthenya, ni wa hapa Nuu. Tuna mtoto wa kiume wa miaka miwili, na desturi unaijua: mtoto wa kwanza wa kiume ni wa babu yake. Nilitafuta jina lingine mwezi mzima. Mama mkwe akaniambia, ukimpa jina la mtu mwingine, babu atamkuta njiani amfuate. Basi anaitwa Ndululu. Akilia usiku nambembeleza kwa jina lako, na akivunja kikombe nampigia kelele kwa jina lako. Nimekupigia kelele sana, baba.

Amesema Abdulatif kwamba Uhuru ni tarehe kumi na mbili Desemba. Nimehesabu siku. Sikutaka kuhesabu, lakini nimejikuta nahesabu.

Mwanao,
Mulei


Nuu,
14 Desemba 1963

Kwa baba mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa Kasyoka na watoto, na hata kwa huyo ng'ombe aliyebaki. Sisi sote ni wazima na hatujalala vizuri siku tatu kwa furaha.

Tulikwenda Mwingi kusherehekea. Watoto walipewa vikombe vya bati na mkate, wazee wakapewa nyama. Bendera mpya niliiona kwa macho yangu haya, baba, mchana kweupe. Abdulatif, ambaye babu yake alitoka Lamu, aligawa tende dukani akanitania. Alisema, "Wewe una Malkia mmoja tu wa kuondoa. Sisi wa pwani tulikuwa na Sultani pia." Nilicheka mpaka Nthenya akaniuliza nina nini.

Nilikuwa nimejiambia sitakuja mpaka useme lile neno. Sasa naona miguu haingoji. Tutaondoka hapa tarehe ishirini na tatu, mimi na Nthenya na mtoto, na mkesha wa Krismasi tutakuwa langoni kwako. Nimekununulia blanketi zito. Mwambie Kasyoka apike isyo, na asitie kabichi kama wanavyofanya siku hizi.

Mwanao anayekuja,
Mulei


Kasikeu,
18 Desemba 1963
(kwa mkono wa Nzioka)

Kwa mwanangu Mulei,

Salamu. Natumai Nzioka atakufikia kabla hujaanza safari. Nimemwomba asilale njiani.

Usije.

Nisikilize mpaka mwisho, usiitupe barua. Siku ya Uhuru hapa sokoni walitafuta mtu anayejua kushusha bendera na kuikunja. Wakaniita mimi, yule mtu wa Malkia, ili vijana wacheke. Nikaishusha, nikaikunja pembe kwa pembe kama nilivyofundishwa, nikampa karani. Nilikuwa nalia lakini si kwa ajili ya bendera. Nilikuwa nafikiri kwamba sasa utavuka lango.

Jumatatu tuliitwa sisi wazee wa jeshi kwenda kutia sahihi karatasi za malipo ya uzeeni. Juu ya karatasi nikaona jina la Malkia. Nikamuuliza karani, hizi ni za zamani? Akasema hapana. Akanieleza polepole, na nikamuuliza mara tatu. Uhuru tumepata, na serikali ni yetu, lakini Malkia bado ni Malkia wa Kenya. Gavana ameongezewa jina tu, anaitwa Gavana Jenerali, amekaa kwenye kiti badala yake. Ataondoka siku nchi itakapokuwa Jamhuri, na siku hiyo haijatajwa.

Hukuapa mpaka bendera ishuke. Hukuapa mpaka Uhuru. Ulimtaja Malkia.

Mimi ni Mkristo, na Pasta Jonah anasema damu ya Yesu inashinda kithitu chochote. Nami nasema hivyo hivyo Jumapili. Lakini ikifika Jumatatu naikumbuka nyumba ya Ndolo, aliyevunja kithitu kwa kipande cha shamba, akazika watoto watatu katika msimu mmoja wa mvua na yeye mwenyewe akabaki mzima. Kithitu huanza na wadogo. Kasyoka ana wanne hapa, na wewe una huyo mmoja. Yule mzee aliyekuwa na kithitu chako alikufa, na hakuna aliyebaki wa kukifungua.

Nilikaa na habari hii siku mbili. Ningeweza kunyamaza. Wewe uko Nuu, nani angekuambia?

Mimi babako,
Ndululu


Nuu,
3 Januari 1964

Baba,

Nzioka alinikuta dukani kwa Abdulatif nimeshika blanketi. Mtoto alikuwa amevaa viatu vyake vipya.

Nimewauliza wazee wa hapa. Nilitumaini watacheka. Hawakucheka. Walisema aliyemtaja Malkia amngoje Malkia.

Lakini wewe ungeweza kunyamaza. Ningevuka bila kujua, na kosa lingekuwa langu, si lako. Maisha yako yote ni viapo. Mwaka wa 1954 ulishika kiapo chako ukaniacha mimi. Sasa umeshika changu, ukaniacha tena. Ni lini utavunja kimoja kwa ajili yangu?

Blanketi nimemwachia Nzioka akuletee.

Mulei


Kasikeu,
11 Machi 1964

Kwa mwanangu Mulei,

Salamu nyingi, na tena salamu. Nimeandika mbili kabla ya hii, na sijui kama zimekula vumbi posta au zimekula vumbi kwako. Sikulaumu. Sisi ni wazima. Blanketi ni zito kweli. Nalala nalo hata mchana.

Nina mbuzi dume ambaye nimeanza kumnenepesha. Nimempa jina Gavana, kwa sababu siku Gavana atakapoondoka, naye ataondoka. Ana kiburi sana. Anakula ndengu za Kasyoka, na akifukuzwa anatembea polepole kama mwenye nchi. Watoto wa hapa wanampigia saluti.

Nimefikiri tena kuhusu maneno yako ya langoni. Nthenya hakuapa. Ndululu mdogo hakuapa. Lango langu halina neno nao. Kama hasira yako inaweza kukaa nyumbani wiki moja bila wao, nitumie mtu huyo mwenye jina langu nimwone. Siombi zaidi ya hapo.

Lile swali lako la mwisho bado nalitafutia jibu.

Mimi babako,
Ndululu


Nuu,
17 Mei 1964

Kwa baba,

Salamu za upendo kwako na kwa dada. Nthenya na mtoto walirudi salama. Natumai nanyi mmebaki salama.

Umeniharibia mtoto. Anaamka asubuhi anapiga mguu chini na kusema lefti, raiti, halafu anawapigia mbuzi wote saluti. Mbuzi wetu hawana cheo, nimemwambia, lakini hasikii. Anasema babu ana kofia ya chuma na ana dawa ya mgongo inayonuka. Anasema pia uliimba wimbo wa Kiburma, nami sikuwa najua kwamba wewe huimba.

Nthenya ameniambia mambo mawili. La kwanza, ulimpeleka kwenye kaburi la mama ukamwambia mama, "Huyu ni mke wa Mulei," ukamtaja na mtoto, ukaondoka ukawaacha wazungumze. Nashukuru kwa hilo, baba. Nashukuru sana. La pili, hukula nao. Ulimkalisha mtoto kwenye goti, ukamtazama akila mpaka akamaliza, na wewe ukanywa uji kidogo tu. Anasema umekonda na shingo imetoka mishipa. Niambie kama ni ugonjwa.

Nakutumia asali, madebe mawili, ya miti ya migunga. Ni laini, haikwaruzi.

Hasira imeniisha. Nimeingoja irudi na haijarudi. Kimebaki kiapo peke yake, kama ala ambayo kisu chake kimepotea. Lile neno sikulazimishi tena kuliandika. Utaniambia tukionana.

Mwanao,
Mulei


Kasikeu,
23 Agosti 1964

Kwa mwanangu mpendwa Mulei,

Salamu zangu nyingi kwako, kwa mama Ndululu, na kwa Koplo Ndululu mwenyewe. Nimempandisha cheo. Sisi tuko salama. Nimekonda kwa sababu ya meno. Mtu akikosa meno anakosa na mwili, ndiyo hali ya uzee. Asali nakoroga kwenye uji, na ndiyo chakula kinachopita bila ubishi. Mungu awabariki nyuki wako.

Sasa kaa chini. Redio imetangaza. Jamhuri itakuwa tarehe kumi na mbili Desemba mwaka huu. Nilikwenda mwenyewe kwa yule karani, Nzioka akanibeba kwenye lori, nikamuuliza kama baada ya siku hiyo kuna kiti chochote kitakachobaki cha Malkia, hata kigoda. Akacheka akasema, hakuna, mzee. Nikamwambia aniandikie. Akaandika, nimeiweka karatasi ndani ya Biblia.

Basi ni Jumamosi hiyo. Usije Ijumaa. Nakujua wewe na miguu yako isiyongoja. Ngoja hapo nje usikie watu wa sokoni wakipiga kelele, ndipo uguse mti wa lango.

Gavana amekuwa mkubwa kama ndama.

Kitu kimoja zaidi. Mvua ikianza tutakuwa na kazi ya kupanda, na mkono wangu siku hizi unachoshwa na kalamu mapema. Ukiona kimya, usijaze kichwa maneno. Wewe hesabu siku tu.

Mimi babako anayekungoja,
Ndululu


Nuu,
22 Novemba 1964

Kwa baba mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima, mahindi yamefika magotini, na mtoto anauliza kila siku kama leo ni Desemba. Hofu yetu ni kwako.

Nimeandika Septemba na Oktoba, na sijapata jibu. Ulisema nisijaze kichwa maneno, lakini kichwa ni changu. Nilimuuliza Nzioka alipopita Mwingi. Alisema hajafika Kasikeu siku nyingi, kisha akaanza kuangalia magurudumu ya lori. Nthenya anasema ni kazi ya kupanda. Nami nasema ni kazi ya kupanda.

Tutaondoka hapa tarehe kumi, tulale Kitui, tulale Emali. Nimekuwa nikifikiri nitakuambia nini kwanza, na nimeona sitasema kitu. Nitakutazama tu. Nimeusahau uso wako, baba, na hili ndilo linaloniuma kuliko kambi. Nikijaribu kuuona unanijia ule wa picha ya jeshi, wa mtu ambaye bado ni kijana.

Mchinje Gavana asubuhi na mapema. Nitakula mguu mzima, na wewe nitakukatia maini, ndiyo laini.

Mwanao,
Mulei


Kasikeu,
12 Desemba 1964

Kwa mwanangu Mulei, uliyesimama langoni,

Salamu. Natumai u mzima na safari haikukuchosha, na koplo hajalala begani. Mimi si mzima, na hii ndiyo mara ya kwanza nakuandikia ukweli kuhusu jambo hilo.

Leo ninapoandika ni tarehe ishirini na tisa Septemba. Nimeweka juu tarehe ya siku utakayosoma. Kama nitakuwa hai siku hiyo, nitaichana na kukuambia haya kwa mdomo. Ikiwa Kasyoka amekupitishia bahasha hii juu ya lango, basi umeshajua.

Ni koo. Daktari aliniambia Novemba ya mwaka jana kwamba kuna kitu kinaota mle ndani, hakikatwi. Alinipa mwaka mmoja, akasema huo ni mwingi. Kwa hiyo nilijua, Mulei. Nilijua wakati nakuandikia usije. Zile siku mbili nilizokaa na habari ya Malkia, sikuwa nafikiri kuhusu kithitu peke yake. Nilikuwa napima kama nitafika. Nikaona sitafika. Nikamtazama mtoto mdogo wa Kasyoka anavyofukuza kuku uani, nikachukua kalamu.

Usimkasirikie dada yako. Nimemwapisha, ndiyo, kiapo kingine tena, utanisamehe. Nimemwambia nikifa asikuandikie, wala Nzioka asikuambie, mpaka siku hii unayosoma. Ungekuja mazishini. Ungevuka lango hili ukilia bila kujali Malkia wala kithitu, na ungekuwa na haki.

Sasa lile neno. Uliniuliza nitavunja kiapo lini kwa ajili yako. Ilikuwa nikivunje 1954. Nilikuwa nimeapa kwa Mfalme ambaye sikuwahi kumwona hata kwa mbali, nikasahau kwamba kwako nilikuwa nimeapa kabla yake, siku ulipozaliwa, ingawa hakuna aliyeniletea Biblia. Siku ile mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Mamako alinitazama, akautazama mlango, akanitazama tena. Ningekuambia neno moja tu, kimbia, ungefika mtoni kabla ya mtu kujua. Nikakushika mkono. Nilikosa, mwanangu. Sikudanganywa na mzungu, nilikosa mwenyewe. Nisamehe. Nilishindwa kuiandika sentensi hii mwaka mzima, na sasa nimeiandika naona ni fupi.

Kuna jambo lingine nimekuficha. Kiapo chako kilikuwa na tundu la pili. Ulisema hutanitazama usoni. Hukusema mimi nisikutazame. Mwezi wa Julai, siku ya soko, nilipanda lori la Nzioka mpaka Mwingi. Niliketi mbele, nimejifunika blanketi lako, kioo kina vumbi. Ukatoka dukani kwa Abdulatif umebeba misumari. Ulisimama kama hatua kumi kutoka kwangu ukamwambia mtu jambo fulani, ukacheka. Una mvi sasa, upande wa kushoto, na unacheka kwa mabega kama mamako. Unachechemea kidogo. Hilo hukuniandikia, na sikuuliza limetoka wapi kwa sababu najua. Nzioka aliniuliza kama nataka akuite, nikamwambia awashe gari. Nimekuona, Mulei. Kwa muda wa miaka mitano nilikuwa na mgongo wako tu, na sasa nina uso.

Basi, ikiwa sokoni wamepiga kelele, gusa mti wa lango, uusukume. Unakwama chini, uinue kidogo. Koplo atangulie.

Mimi niko karibu na ghala, kushoto kwa mamako, lakini usianzie kwetu. Sisi hatuendi popote. Gavana yuko zizini. Niliwakataza wasimchinje siku ya mazishi yangu, na kama wamenisikia mtamla leo. Ila nyama itachelewa. Nimemwambia Kasyoka apike isyo tangu asubuhi, bila kabichi, na akuwekee mezani upande wa dirisha, pale pale ulipokuwa umekaa. Sahani ile hukuimaliza. Mamako hakuiosha siku mbili, na mimi nilikuwa naipita nikiingia na nikitoka.

Kaa, mwanangu. Umalize kula.

Mimi babako,
Ndululu